Maswali ya Wasomaji: Bakteria wanaoishi kwenye taka za nyuklia

Toleo lililopita tuligusia kidogo habari ya bakteria waliokutwa hai kwenye udongo wenye mionzi chini ya matanki ya taka za nyuklia huko Marekani. Aisee barua zilizokuja sikutegemea, zingine za kuuliza, zingine za kubisha, moja ina kurasa nne. Nimechagua tano maana zinagusa karibu kila kitu ambacho wengine wameuliza, nimezifupisha tu kidogo.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro, nasoma PCB. Kuna video inazunguka inasema kuna bakteria anakula mionzi, kwa hiyo ukimmwaga kwenye taka za nyuklia baada ya muda taka zinakuwa salama kabisa. Mwalimu wetu kasema haiwezekani, darasa likagawanyika. Nani yuko sahihi?

Marahaba mwanangu. Mwalimu yuko sahihi, ila hao wenzako waliobisha nao kuna kitu cha kweli wamekisikia, kimepotoshwa tu njiani.

Mionzi inatoka kwenye kiini cha atomu. Bakteria kazi zake zote, kula, kupumua, kujenga mwili, ni kuhamisha elektroni za nje ya atomu, huko ndani kwenye kiini mkono wake haufiki. Seziamu-137, moja ya sumu zenye mionzi zilizomo kwenye taka hizi, inapungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi, iwe kavu, iwe majini, iwe ndani ya bakteria, haijali. Plutoniamu-239 inachukua miaka kama 24,000 kupungua nusu. Hakuna kiumbe anayeharakisha hilo. Anachoweza bakteria ni kubadilisha hiyo sumu inakaa wapi na inasafiri vipi, na hilo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, nitalirudia mara kadhaa humu manake barua zote tano zinaishia hapo hapo.

Sa huyo wa kwenye video nadhani ni Deinococcus radiodurans. Alipatikana mwaka 1956 huko Corvallis, Oregon. Arthur Anderson na wenzake walikuwa wanajaribu kuhifadhi nyama ya kopo kwa kuipiga mionzi ya gama, wakaipiga dozi ambayo walijua kabisa hakuna kitakachobaki hai, na nyama ikaoza hivyo hivyo. Walipochunguza wakakuta bakteria wa rangi ya waridi, mviringo, wanakaa wanne wanne wameshikana. Kupata picha ya ukali wake: mtu akipigwa grei 5 (grei ni kipimo cha mionzi ambayo mwili umepokea) mwili mzima kwa mpigo mmoja na asipate tiba, kupona ni bahati. Bakteria wa kawaida wa tumboni anakwisha kwenye grei mia kadhaa. Huyu akipigwa grei 5,000 anaendelea kama hakuna kilichotokea.

Lakini angalia, hajala chochote hapo, amevumilia tu. Mionzi inamkatakata DNA vipande mamia kama inavyomkata kiumbe mwingine yeyote, tofauti ni kwamba yeye anaiunga tena yote ndani ya saa chache. Kwanza ana nakala kadhaa za DNA yake ndani ya seli moja, kuanzia nne hadi kumi. Chukua magazeti manne ya toleo moja, yachane hovyo hovyo, mpe mtu ayapange. Kwa vile kila gazeti limechanika sehemu tofauti, kipande kizima cha hili kitakuonyesha vipande viwili vya lile vinaungana wapi. Ndo anachofanya. Afu kuna jambo ambalo Michael Daly wa Marekani na wenzake walilisisitiza miaka ya 2000, kwamba siri kubwa ipo kwenye protini zaidi ya DNA: seli yake imejaa manganizi ambayo inakinga zile protini zinazofanya ukarabati. Nalipenda sana hili jambo manake ukilifikiria lina mantiki, nyumba ikibomoka na mafundi wote wakafa, matofali hata yawe mengi vipi nani atajenga?

Utajiuliza alijifunzia wapi, kwani hapa duniani hakuna mahali pa asili penye mionzi ya kiasi hicho. Jibu ambalo wengi wanalikubali ni ukame. Bakteria akikaushwa muda mrefu DNA yake inakatika vile vile, kwa hiyo aliyejifunza kuvumilia ukavu akajikuta anavumilia na mionzi. Mwambie mwalimu wako nimemuunga mkono, ila na darasa waendelee kubisha hivyo hivyo.

Mimi nipo Dodoma. Sawa, wanavumilia. Lakini kuvumilia sio kushiba. Huko kwenye taka wanakula nini?

Hili swali wahandisi wa kuzika taka wanalala nalo.

Hapo Hanford, jimbo la Washington, ndiko Marekani ilikotengeneza plutoniamu kuanzia wakati wa vita kuu ya pili, hata ile ya bomu la Nagasaki ilitoka huko. Walichoacha ni matanki 177 chini ya ardhi yenye zaidi ya lita milioni 200 za uchafu, na mengi ya yale ya zamani yenye ukuta mmoja yalivuja. Mwaka 2004 watafiti walitoa matokeo ya udongo waliouchimba chini ya tanki moja lililovuja, linaitwa SX-108. Udongo umeunguzwa na joto la taka, una chumvi, una nitreti nyingi ajabu, una kromiamu, una seziamu ya kutisha. Walitegemea umekufa. Wakaotesha kwenye sahani za maabara na bakteria wakaota, wachache lakini wapo, na kwenye ile sampuli yenye seziamu kali kuliko zote waliota jamaa wa ukoo wa huyo huyo Deinococcus.

Sasa chakula. Watu wakisikia taka za nyuklia wanawaza kitu kinachong'aa kijani, kumbe pipa nyingi zimejaa vitu vya kawaida kabisa: glovu, ovaroli, karatasi za kufutia, mbao, plastiki. Vyote vimeshika mionzi kazini. Karatasi na mbao ni selulosi, na selulosi bakteria anaila. Akila anatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ikiyeyuka kwenye maji inageuka asidi, asidi inasaidia plutoniamu kuyeyuka. Ndo maana kule WIPP, New Mexico, ambako taka zinazikwa mita 655 chini ndani ya tabaka la chumvi tangu 1999, wanaweka juu ya mapipa magunia makubwa ya magnesiamu oksaidi. Kazi yake ni kuinyonya hiyo gesi ambayo vijidudu wataitoa, na hao wapo, chumvi ina wakazi wake waliozoea maji ya chumvi kali kuliko bahari. Yaani mhandisi anapanga hesabu zake akijua kabisa kuna mtu atakula hizo karatasi.

Uingereza wao wana kisa kingine kinachonifurahisha. Mpango wao kwa taka zenye mionzi ya wastani ni kuzizika na simenti nyingi. Simenti ni kali kama chokaa mbichi, na selulosi ikikaa kwenye ukali huo inavunjika inatoa asidi moja inaitwa isosakarini, ambayo inashikana na urani na nikeli na kuzifanya zisafiri na maji. Tatizo kubwa. Watu wa Chuo Kikuu cha Manchester, timu ya Jonathan Lloyd, wakaenda kuchota matope kwenye eneo la Peak District kulikokuwa na matanuri ya chokaa zamani, ambako uchafu wa chokaa umeloweka ardhi miaka mingi. Wakawaza hivi: kama kuna bakteria aliyejifunza kuishi kwenye ukali wa simenti, atakuwa pale. Na walimkuta, na anaila hiyo asidi, kwa hiyo urani inapoteza gari lake la kusafiria. Hapo bakteria ni msaada, na hakuna mtu aliyempeleka.

Na mwisho usisahau mafuta ya mitambo, sio yale ya nyuklia, nayo ni chakula. Baada ya ajali ya kinu cha Three Mile Island ya 1979, walipofungua kuanza kutoa mafuta ya nyuklia yaliyoyeyuka, maji yakachafuka vijidudu mpaka kamera haioni kitu, kazi ikakwama mwaka 1986 mpaka walipotia haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile tunayooshea vidonda. Ndani ya kinu kilichoyeyuka jamani.

Mie wa Mombasa. Nna hofu moja. Hawa vijidudu wakikaa kwenye mionzi hawatageuka wakawa maradhi mapya yasiyo na dawa?

Hofu yako naielewa dada, ila hapana. Kuvumilia mionzi na kuambukiza ni stadi mbili tofauti kabisa. Kijidudu cha maradhi lazima ajue kuikwepa kinga ya mwili, kushika seli zetu, kuishi kwenye joto letu, mambo hayo hajifunzi mtu ndani ya tanki la chumvi na seziamu ambako hajawahi kukutana na binadamu. Deinococcus hajulikani kumuuguza mtu yeyote. Kinachotisha kwenye yale matanki ni kilichomo, sio anayeishi humo.

Nimesoma Wasweden watazika taka zao kali kabisa ndani ya makopo ya shaba. Sisi huku Tanga shaba tunaijua, dele la kahawa usipolisugua wiki mbili limebadilika. Kwa nini wachague shaba kwa kitu kinachotakiwa kukaa miaka laki moja?

Kaka, umegusa penyewe, na bila kujua umetaja kitu ambacho Wasweden wenyewe wamebishana nacho miaka mingi mpaka mahakamani.

Sababu ya shaba ni kwamba mita 500 chini ya mwamba hakuna oksijeni, na shaba bila oksijeni inatulia sana. Kuna vipande vya shaba asilia vimekaa ardhini mamilioni ya miaka. Kwa hiyo mpango wao ni huu, kopo la shaba nene sentimita 5, ndani lina chuma, ndani ya chuma kuna mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika, afu nje kopo linazungukwa na udongo wa mfinyanzi unaoitwa bentonaiti. Wafini nao huko Onkalo wanafuata mpango huo huo.

Adui ni bakteria wa salfeti. Huyu hahitaji oksijeni, anapumua kwa salfeti iliyo kwenye maji, na anachotoa ni salfaidi, ile harufu ya yai viza. Na wewe wa Tanga unamjua fika, nenda kwenye mikoko maji yakitoka, kanyaga lile tope mpaka mguu uzame, toa mguu. Ile harufu na ule weusi ndo yeye.

Nikakaa nikasema mbona hili naweza kuliona kwa macho yangu. Nilichota tope la mikoko kwenye chupa ya jamu, nikajaza maji ya bahari mpaka juu hewa isibaki, nikachomeka waya wa shaba niliousugua kwa msasa mpaka unang'aa kama dhahabu, nikafunga kifuniko. Siku ya tatu ile sehemu iliyo ndani ya tope ilikuwa nyeusi tii, ukiipitisha kidole inakuachia masizi. Sehemu ya juu majini ilikuwa bado na wekundu wake. Niliukata ule waya kwa koleo nikaona weusi uko juu juu tu, ndani shaba ni nzima, lakini hizo ni siku tatu na wao wanahesabu laki ya miaka.

Ndo bentonaiti inapoingia. Ule udongo ukilowa unavimba, na kwa vile umebanwa kati ya mwamba na kopo hauna pa kwenda, unajikaza mpaka vitundu vyake vinakuwa vidogo kuliko bakteria mwenyewe. Aliyemo humo amebanwa hawezi kugawanyika wala kusogea, na maji hayatembei ya kumletea salfeti na chakula. Wamejaribu miaka na miaka kwenye maabara yao ya chini ya mwamba ya Äspö, na wanachosema ni kwamba udongo ukikazwa vya kutosha salfaidi karibu inasimama, ukilegea bakteria wanaamka. Kwa hiyo shaba itategemea sana huo udongo ubaki umekaza. Mimi binafsi naona hapo ndo pa kuwauliza maswali, kuliko kwenye shaba yenyewe.

Lakini subiri, manake Uswisi mambo yamegeuka. Wao wanafikiria makopo ya chuma. Chuma kikila kutu bila oksijeni kinatoa gesi ya haidrojeni, kidogo kidogo, miaka elfu, na gesi isiyo na pa kutokea inaweza kuupasua mwamba uliotegemewa kuziba. Kwenye maabara yao ya Mont Terri, mita 300 chini kwenye mwamba wa mfinyanzi, watafiti walipeleka haidrojeni kwenye shimo siku 500 wakaangalia. Wakaamka bakteria waliokuwemo wenyewe humo, aina saba hivi wanaotegemeana, wengine wanakula haidrojeni, wengine wanakula miili ya waliokufa, na gesi ikawa inaliwa. Matokeo yalitoka 2016. Na kati ya hao walaji wakubwa yupo nani? Huyo huyo wa salfeti. Sweden anafungiwa mlango kwa udongo, Uswisi wapo wanaofikiria kumjengea chumba, tabaka lenye vitundu vikubwa mahsusi ili aishi humo ale gesi.

Jambo. Miye ni mukaaji wa Likasi, Congo. Shinkolobwe haiko mbali na sisi. Urani ya pale ilienda Amerika, sisi tulibakia na mashimo na mawe. Kama Wazungu wako na bakteria ya kusafisha urani, inaweza kusafisha na maji yetu?

Ndugu yangu, jambo sana. Barua yako niliisoma mara tatu, nimeiweka mwisho ili niijibu bila haraka.

Kwanza wasomaji wengine wajue anachosema ni kweli tupu. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Manhattan, ule wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomu, ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Mawe yake yalikuwa na urani kiwango ambacho migodi mingine ya dunia haikukikaribia, mengine yanafika asilimia 65. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya Union Minière alipeleka zaidi ya tani 1,000 New York zikakaa ghalani Staten Island mpaka jeshi la Marekani likazinunua 1942. Kwa hiyo ukisoma habari za matanki ya Hanford humu juu, ujue uchafu ule na watu wa Katanga ni wa historia moja.

Sasa bakteria. Anaitwa Geobacter. Derek Lovley alimpata kwenye matope ya mto Potomac mwaka 1987, na 1991 yeye na wenzake wakaonyesha jambo zito: bakteria wa aina hii anaweza kupumua kwa urani. Sisi tunavuta oksijeni ili ipokee elektroni za chakula chetu, yeye anazitupa kwenye chuma kilichoshika kutu, au kwenye urani. Urani iliyoyeyuka majini ikipokea elektroni mbili inageuka haiyeyuki tena, inaganda kwenye udongo kama punje. Urani ni ile ile, mionzi ni ile ile, ila haiingii kisimani.

Walijaribu kwa ukubwa kule Rifle, Colorado, palipokuwa na kiwanda cha zamani cha kusaga urani kando ya mto Colorado. Kuanzia 2002 walipitisha kwenye mabomba chini ya ardhi aseteti, ambayo ni ndugu wa siki ya jikoni, kumlisha Geobacter ambaye tayari alikuwa yumo. Ndani ya wiki chache urani kwenye maji ilishuka sana. Halafu aseteti ikafikia wale wa salfeti, wakazidi nguvu, wakaila yote, Geobacter akapungua na urani ikaanza kupanda tena.

Hilo ndo ninalotaka ulishike vizuri. Ile punje inabaki punje kama oksijeni haifiki. Maji yenye hewa yakipita, urani inayeyuka upya. Na nitreti nayo ikiwa nyingi bakteria wanaikimbilia hiyo kwanza, urani inasubiri. Tena kwenye mawe ya mgodi yaliyoachwa wazi juani na mvuani wapo bakteria wa upande wa pili kabisa, wanaokula salfaidi ya chuma kwenye mawe na kutoa asidi, wanaiyeyusha urani badala ya kuigandisha. Elliot Lake, Canada, waliwahi kuwatumia makusudi kuvunia urani. Kwa hiyo rundo la mawe lililoachwa wazi lina bakteria tayari, na kuna uwezekano ni wa aina hiyo ya pili.

Kwenu basi naona kazi inaanzia kwingine: kufunika mawe, kuzuia mvua isipite katikati yake, kuzuia watu kuchimba hovyo mgodi ambao serikali ilishaufunga rasmi 2004, na kupima visima, urani iliyoyeyuka, sio mionzi ya hewani peke yake, manake urani kwenye maji inaumiza figo kama metali nzito hata kabla ya habari ya mionzi. Mpime kiangazi na mpime masika, majibu hayatafanana. Geobacter anafaa kwa maji ya chini ya ardhi yasiyo na hewa, mahali ambapo kuna mtu wa kukaa pale miaka anapima na kulisha. Akija mtu Likasi na mitungi ya bakteria anasema atamwaga mara moja na kuondoka, muulize atawalisha nani mwaka wa tatu, na oksijeni ikirudi urani itakuwa wapi. Akikujibu, niandikie tafadhali.